Dawa Iliyonitia Hatiani

Mwanangu wa kwanza alipoanza kuvimba, mimi nilidhani ananona. Mashavu yalijaa, miguu ikajaa, na ukimbonyeza juu ya wayo kidole kilizama na shimo likabaki, kama unga wa maandazi ulioumuka. Nilicheka. Nilimwita mama mkwe aje aone, akaja akabonyeza naye, tukacheka sote wawili.

Nilikuwa mwanamke mdogo, nimeolewa nyumba ya Malindi, mtaa wa Unguja mjini, ghorofa ya pili, na nilikuwa mjuaji. Mama mkwe alikuwa akisema kwamba ulimi wangu ulitangulia kuzaliwa, mimi nikafuata, na hakukosea sana. Mgeni akimfinya mtoto shavu bila kusema mashaallah nilimkata jicho mpaka akajikumbusha mwenyewe. Nikamfunga mtoto hirizi mbili, moja shingoni na moja kiunoni, kwa kuogopa kijicho cha wenye watoto wembamba. Nikizikumbuka zile hirizi uso unaniwaka hadi leo. Nilikuwa namkinga na husuda mtoto anayekufa kwa njaa.

Nasema njaa, na wala hakuna siku aliyolala tumbo tupu. Nilimnyonyesha vizuri mpaka alipokaribia kutimiza mwaka, kisha ziwa moja likapata jipu, homa ikanilaza, na nilipoinuka maziwa yalikuwa yamekauka. Hiyo ni miaka michache baada ya Mapinduzi. Mchele ulikuwa wa foleni, na maziwa ya kopo yalionekana dukani kama mgeni wa mbali, leo yupo, kesho hayupo. Muhogo ndio haukutukosa. Mama mkwe alitwanga makopa, akachekecha unga, akapika uji mzito wenye sukari, na mtoto aliubwia mpaka tumbo likawa ngoma. Mchana alipewa chai ya rangi na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Jioni uji tena.

Samaki tulikula sisi. Kelele za mnada wa samaki zilikuwa zikiingia dirishani kwetu kila asubuhi, na mtoto wetu hakupata kuonja hata mchuzi wake. Mama mkwe alisema samaki humtia mtoto minyoo, yai humchelewesha kusema, na maharage humjaza upepo. Hakuyatunga yeye. Aliyapokea kwa mamake, nami niliyapokea kwake, na nilipokuwa nikichambua samaki wangu mtoto akanyoosha mkono, niliusogeza pembeni kwa upole. Penye miti hapana wajenzi.

Mume wangu alikuwa Pemba. Alikuwa fundi wa barabara, akapelekwa huko na kundi lake mtoto akiwa na miezi mitatu. Alisema atakuja Iddi. Iddi ikaja bila yeye, barabara haijesha, akatuletea salamu na kitambaa cha kanzu cha mtoto. Hilo la mume kuwa Pemba nataka lishikwe, maana ndilo lililonimaliza.

Nywele ndizo zilizoanza kunitia wasiwasi. Mwanangu alizaliwa na nywele nyeusi tii, za kujisokota. Zikaanza kunyooka na kuwa nyekundu, nyepesi kama ndevu za hindi, na ukizipitishia mkono zinakuja nao. Kisha ngozi ya mapajani ikawa inaambuka kama chokaa ya ukuta mkongwe. Na akanyamaza. Alikuwa ameshaanza kusimama kwa kushika mlango, akaacha. Ukimweka mkekani asubuhi utamkuta palepale, anatazama tu, halii wala hachezi. Nikasema ni meno. Mama mkwe, ambaye kila kitu alikuwa na neno lake, safari hii hakusema kitu.

Aliyesema ni jirani wa chini, shoga yake wa miaka mingi. Alipanda siku moja kuazima ungo, akamwona mtoto mkekani, akachuchumaa, akamvuta nywele kidogo, akaziangalia vidoleni mwake. Kisha akamtazama mama mkwe, si mimi. Akashuka bila ule ungo. Kabla ya adhuhuri neno lilikuwa limeshashuka ngazi na kupanda ngazi za nyumba nyingine: mtoto amebemendwa.

Wajukuu zangu siku hizi hawalijui neno hili, kwa hiyo nitalieleza. Mama anayenyonyesha alitakiwa akae mbali na mwanamume mpaka mtoto aachishwe ziwa. Asiposubiri, tuliamini, maziwa yanaharibika na mtoto anadhoofu, anavimba, miguu inalegea. Huko ndiko kumbemenda mtoto. Mwenye mume nyumbani akisemwa hivyo aliona haya, wenzake wakamtania kuwa hana subira, na mambo yakapita. Lakini mimi mume wangu alikuwa ng'ambo ya maji. Kama mtoto wangu amebemendwa, amebemendwa na nani?

Sikuwa nimefanya kitu. Naandika hivi nikijua kwamba mwenye hatia na asiye na hatia wote husema maneno hayohayo. Sikuwa nimemjua mwanamume yeyote ila mume wangu. Lakini ugonjwa wenyewe niliuamini kama walivyouamini wao, na kwa sababu niliuamini nilianza kujikagua, kama anayetafuta sindano iliyoangukia mkekani. Nilikuwa nikitaniana na muuza samaki pale mnadani, mtu mcheshi, kila nikipita lazima aseme neno nicheke. Je, kucheka kunatosha kuharibu maziwa? Niliwahi kumwota mtu nisiyemjua uso. Je, ndoto zinahesabiwa? Nilikuwa na mtoto mgonjwa mapajani, na badala ya kufikiri anakula nini, nilikuwa nafikiri nilicheka na nani.

Nikaanza kumficha. Nilimvika kofia ya sufu katika joto la Unguja ili nywele zisionekane, na nikitoka nilimbeba ndani ya buibui kama mwizi aliyechukua kuku. Ilikuwapo kliniki ya watoto, si mbali na kwetu, nami nilifika mpaka kwenye kona yake. Niliiona foleni ya kina mama, na nusu yao nawajua, wengine tulisoma chuo kimoja cha Kurani. Nikageuka. Mficha uchi hazai, wamesema wazee. Mimi nilikuwa nimeshazaa, nikaona kilichobaki ni kuficha. Niliona haya kuliko nilivyoogopa, na hiyo ndiyo haya iliyonibakia hata baada ya nyingine zote kupungua. Mtoto alikuwa akipumua kifuani kwangu, mwepesi na mzito kwa pamoja, nami nilikuwa nachagua njia zisizo na watu.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe amekaa juu ya kitanda changu. Hakuniuliza nilikotoka.

"Fungasha," akasema. "Kesho twende kwetu."

Kwao ni Jambiani. Tulipanda gari la shamba asubuhi, mtoto mapajani kwangu chini ya kanga mbili, na njia nzima mama mkwe alitazama mbele. Nilimwogopa, lakini nilijua anampenda mtoto yule kuliko alivyompenda babake. Tulifikia kwa mdogo wake, mjane aliyefuga mbuzi, na alasiri hiyohiyo akaja mganga. Alikuwa bibi mwembamba, msafi, mpole wa sauti, aliyesifika pwani yote ile kwa dawa za watoto. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba mtoto avuliwe kofia.

Alimkagua taratibu. Alimbonyeza miguu, akamfunua macho, akamnusa kinywa. Kisha akafungua kitambaa chake, akatoa mizizi fulani, akaiweka juu ya mkeka katikati yetu. Dawa ipo, akasema, na ameshawaponya wengi waliokuwa hivi. Ila dawa ya kubemenda haishiki mpaka mama wa mtoto aseme kweli mbele ya mtu wa nyumba ile. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofundishwa aliyemfundisha.

"Mwanangu, sikuulizi nani," akaniambia. "Jina sina haja nalo. Nakuuliza, yamekuwa au hayakuwa?"

Nikasema hayakuwa.

Hakukasirika. Alianza kuikusanya mizizi, mmoja mmoja, akairudisha kwenye kitambaa. "Basi dawa yangu si yake," akasema. "Mtampeleka kwengine, Mungu atasaidia."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa akimtazama mtoto. Mtoto alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, tumbo limepanda, nzi ametua kwenye ukingo wa mdomo wake na yeye hana habari naye. Nilimpunga yule nzi. Akarudi. Nikampunga tena, akarudi tena, na mwanangu hakuipepesa hata kope. Bibi alikuwa ameshafunga fundo la kwanza la kitambaa.

"Yamekuwa," nikasema.

Sikujua neno dogo kama lile linaweza kuujaza ukumbi mzima. Bibi alifungua fundo lake. Mama mkwe alivuta kanga akajifunika mdomo. Nilitegemea kofi, na kusema kweli ningelipokea kwa shukurani. Badala yake aliunyoosha mkono akauweka juu ya goti langu, akauacha pale. Nilitamani ardhi inifungukie niingie.

Masharti ya dawa yalikuwa mengi. Kwa muda wote wa dawa mtoto asiguse muhogo wala chai. Mizizi ichemshwe katika maziwa ya mbuzi yaliyokamuliwa muda huohuo, anyweshwe asubuhi na jioni. Apewe yai la kuku wa kienyeji lililochemshwa likawiva nusu, lenye asali. Mchana apikiwe choroko kwa tui la nazi, na ndani yake watiwe dagaa wakavu waliotwangwa mpaka wawe unga. Bibi alisema vyote hivyo ni ili dawa ipate pa kukaa.

Mama mkwe aliyafuata masharti kama anavyofuata sala. Yule yule aliyesema samaki anatia minyoo alikaa kwenye kinu, akatwanga dagaa, akachekecha, akatwanga tena, akaokota kila mwiba. Yai alilimenya yeye. Hakuna aliyeuliza imekuwaje, kwa sababu havikuwa tena vyakula, vilikuwa dawa. Nami sikuuliza. Nilikuwa nimeshasema neno moja siku zile, na lilinitosha.

Mwanzo uvimbe ulitoka, na hapo ndipo nilipomwona mwanangu. Nilikuwa nadhani chini ya ule unene pana mtoto. Palikuwa na mbavu na magoti. Nililia sana siku ile, na yule mdogo wake mama mkwe akanibembeleza kwa kuniambia kwamba toba inasafisha. Kisha mtoto naye akalia, kwa sauti, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, akililia bakuli. Baada ya siku kadhaa alitambaa kumfuata mbuzi uani. Akacheka. Nywele zikaanza kuota nyeusi kwenye mashina.

Na kila mtu aliyeingia uani akamwona alisema jambo lilelile, kwamba dawa imeshika. Nilimpenda mwanangu, nilikuwa na furaha ya kunitoa machozi, na papo hapo sikuweza kumtazama mtu usoni. Dawa imeshika maana yake mama amesema kweli. Kila mtoto alipomaliza bakuli alikuwa anatoa ushahidi dhidi yangu.

Siku ya kurudi mjini mama mkwe alinivuta nyuma ya nyumba. Aliniambia mambo yale yamekwisha hapohapo Jambiani, mwanawe hatayasikia kwa kinywa chake wala cha mdogo wake, na jirani wa chini ataambiwa mtoto aliugua homa. Nikamshukuru. Ndiyo, nilimshukuru, nikambusu mkono.

Hakuwahi kunivunjia siri ile. Mume wangu aliporudi kutoka Pemba, barabara yake imekwisha, alimkuta mtoto anatembea, mwembamba lakini mzima, akamshukuru mamake kwa kumuuguza. Mama mkwe akasema, sote tulimuuguza, mkeo hakulala. Alinistiri mbele ya mwanawe na mbele ya mtaa mzima, na alikuwa mwema kwangu kuliko alivyopata kuwa. Zamani tulikuwa tukigombana kwa kila kitu, chumvi, ufagio, pazia. Sasa nikisema neno kali alininyamazia, akanitazama kwa huruma, na ulimi wangu ukarudi wenyewe. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nilikuwa maiti ninayepika na kufua, naishi nyumba moja na mwosha wangu.

Tulipata mtoto wa pili, mwanamume pia. Huyu nilimpeleka kliniki, kwa sababu mume alikuwapo na sikuwa na la kuficha. Mama mkwe alifuatana nami kunishikia mtoto. Siku moja kabla ya kupima, nesi kijana alitukalisha kwenye mabenchi, akapanga vitu juu ya meza: muhogo, sukari, dagaa, maharage, yai. Akainua picha kubwa ya mtoto, atuonyeshe.

Alikuwa mwanangu. Si yeye, lakini alikuwa yeye: miguu ileile, tumbo lile, nywele za ndevu za hindi, na macho yale yasiyoomba kitu. Nesi alisema mtoto huyu hakuvimba kwa unene. Amelishwa muhogo na chai, tumbo limejaa na mwili haukupata cha kujijengea. Dawa yake ni hivi, akagusa dagaa, maharage, yai, na maziwa ya mnyama yeyote. Na si kubemendwa, akasema. Kina mama waliguna, wengine wakajifunika midomo kwa kicheko. Akangoja watulie, akaongeza kwamba mtoto kama huyu hata akipona anaweza kubaki mfupi, au mwepesi wa kuugua, kwani miaka ya mwanzo mwili ukiikosa haurudishiwi yote.

Nilikuwa nimepewa maisha yangu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nimeambiwa nilichomfanyia mwanangu. Sikujua nishike lipi kwanza. Nilishika langu. Naona haya kulisema, lakini njia nzima nilikuwa nafikiri jina langu, si urefu wa mtoto.

Tulipoingia kwenye kichochoro kisichokuwa na mtu nikasimama. Mama mkwe akasimama pia, mtoto begani kwake.

"Mama, umemsikia nesi," nikasema. "Siku ile Jambiani nilisema uongo. Hakukuwa na mtu. Niliogopa asipewe dawa."

Hakuwa na uso wa hasira wala wa kunicheka, ulikuwa uleule wa huruma niliouzoea. Alimhamisha mtoto bega la pili.

"Mwanangu," akasema, "ungelisema uongo, dawa ingelishika vipi?"

Ningeweza kusema dagaa, ningeweza kusema maziwa ya mbuzi, lakini kwake vile vilikuwa mahali pa dawa kukaa tu.

"Mimi nshasahau," akasema. "Nawe sahau." Akaendelea kutembea, nami nikamfuata.

Lakini hakusahau. Mtoto wa pili alipofikia kula, kinu kilitoka. Mama mkwe alimtwangia dagaa kila siku, akampikia choroko kwa tui, akamtafutia mayai hata pale yalipokuwa hayapatikani. Nilidhani amemwelewa nesi, nikafurahi, nikamwambia hivyo. Akanijibu kwa sauti ya chini, ili mwanawe asisikie, kwamba huyu tusingoje mpaka aharibike, tumtangulizie kinga. Alikuwa akimkinga mtoto na mimi. Nikachukua mchi nikamsaidia kutwanga.

Kinga ilifanya kazi, bila shaka. Yule mdogo alikua kama mgomba. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu alipomfika kakake sikioni, na kakake alikuwa amemzidi kwa karibu miaka mitatu. Mkubwa alikuwa na akili na ucheshi, lakini kila msimu wa mvua kifua kilimbana, na alikimbia kidogo akachuchumaa. Nguo katika nyumba yetu zikaanza kushuka kwa kupanda. Kanzu ya Iddi ikimbana mdogo, tulimvisha mkubwa.

Iddi moja, mdogo alikuwa ameshampita kwa urefu, jirani wa chini akapanda kutupa mkono wa Iddi. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya mkubwa, anaikunja kwa sindano kanzu ya mdogo wake iliyokuwa ikiburura chini. Jirani akawatazama watoto, akauliza kwa mzaha ni yupi kaka na yupi mdogo.

"Huyu alipata homa udogoni," mama mkwe akamjibu, uzi mdomoni. Kisha akaniangalia mimi, kidogo tu, kwa wema, kunihakikishia kwamba siri yangu ipo salama.

Nikainamisha macho. Mwanangu alikuwa ameinua mikono juu ili nyanyake apate kukunja vizuri, na akaniuliza kama kanzu itapungua sana, kwa sababu mwakani atakuwa mrefu.